Mbuzi kaliwa usiku: jinsi ya kumjua mnyama aliyeingia na kulirekebisha boma kabla hajarudi

Ndugu zangu wafugaji mnaokaa jirani na hifadhi, iwe Simanjiro, Monduli, Iringa upande wa Ruaha, Kajiado au Laikipia, haya naandika kwa ajili ya ile asubuhi unaamka unakuta boma limevurugika, mbuzi wawili hawaonekani na mwingine kalala nje tumbo wazi. Hapo watu wanaanza simba simba, vijana wameshashika mikuki, na kuna mmoja anakumbuka ana dawa ya kuulia wadudu stoo. Naomba sana kabla ya yote hayo mjipe nusu saa ya kusoma dalili, kwa sababu simba, chui, fisi na hata mbwa wa mtaani kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia, na ukimkosea unaziba pasipo na shida halafu keshokutwa anapita palepale.

Kitu cha kwanza zuia watu. Mifugo itolewe upande mwingine, watoto wasisogee, maana ndani ya dakika kumi watu ishirini wakishazunguka hapo hamna tena cha kusoma. Tafuta penye vumbi laini au tope, sana sana mlangoni, kwenye tundu la ukuta, na upande ule mifugo ilikokimbilia. Ukipata unyayo mzuri weka kiberiti pembeni yake, kile cha kawaida urefu wake ni kama sentimita 5, halafu piga picha simu ikiwa juu ya unyayo moja kwa moja, usipige kwa mshazari kwa sababu picha ya mshazari inadanganya ukubwa. Fanya mapema jua likiwa bado chini, kivuli kinaingia kwenye vishimo na unaona kila kitu, ikishafika saa tano unyayo uleule unauona kama umefutika.

Sasa angalia kucha. Simba na chui wanatembea kucha zimefichwa, kwa hiyo unaona vidole vinne vya mviringo na kitako cha unyayo, basi. Fisi, mbwa mwitu, bweha na mbwa wa nyumbani kucha zinaacha alama mbele ya vidole. Duma ndio anachanganya watu, yeye ni jamii ya paka lakini kucha zake haziingii ndani zote, kwa hiyo zinaonekana kama za mbwa. Hapo angalia kitako cha unyayo kwa nyuma, paka wote akiwemo duma wana vibonge vitatu vimejipanga, mbwa hana hivyo. Kwa ukubwa, simba mzima anapita sentimita 10 vizuri tu, chui mara nyingi hafiki hapo. Ila usikimbilie kusema chui kwa sababu umeona unyayo mdogo, inaweza ikawa ni mtoto wa simba, zunguka kidogo uangalie kama kuna mkubwa wake alikuwa pembeni. Fisi utamjua kwa sababu nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, na kitako kimekaa upande upande. Na kama karibu kuna kinyesi cheupe kama chokaa huyo ni fisi, ni ile mifupa anayokula.

Ukimaliza ardhini nenda kwenye mzoga, na hapa kuna onyo moja kubwa. Kama mnyama anatoka damu nyeusi puani au sehemu ya haja kubwa na damu yenyewe haigandi, usimpasue, usimle, usimguse, huyo huenda kafa kwa kimeta na fisi kaja tu kuokota. Mwite daktari wa mifugo. Kimeta kinaua watu na huku kwetu kipo.

Kama hamna dalili hiyo, chukua kisu uchune ngozi ya shingoni taratibu kuanzia kwenye koo. Unatafuta damu iliyovilia chini ya ngozi kuzunguka matundu ya meno. Kama imevilia, nyama imekuwa nyekundu ya kuiva pale, basi aling'atwa akiwa hai. Kama matundu yapo lakini chini yake nyama ni safi, mnyama wako alikuwa ameshakufa tayari, ugonjwa au kuzaa vibaya au nyoka, na aliyekula hakuua. Hii ngozi ya shingo watu wengi hawaiangalii kabisa na ndio inayomaliza ubishi, nimeona ugomvi wa kijiji kizima unaisha baada ya kuchuna tu.

Baada ya hapo kila mnyama ana namna yake ya kula. Chui anabana koo, halafu habaki pale, anaburuta. Utaona mburuzo kwenye vumbi unaelekea vichakani au kwenye mti mkubwa, na ukifika unakuta manyoya yamenyonyolewa yamezagaa kabla ya nyama kuanza kuliwa. Tafadhali usiufuate mburuzo peke yako, chui yupo hapo hapo kwenye kivuli na amelala na mali yake, nendeni watu wengi tena na askari wa wanyamapori wa kijiji. Simba anaangusha hata ng'ombe dume, anabana koo au anaziba pua na mdomo, utaona mikwaruzo ya kucha mabegani na mgongoni, na mara nyingi anaanza na vitu vya tumboni. Fisi habani koo vizuri, yeye anararua nyuma, kiwele, mapaja, anavunja mifupa na kuondoka nayo, unaweza ukaamka ukakuta damu na majani ya tumboni peke yake. Mbwa mwitu wanakuja wengi, alfajiri au jioni, wanararua tumbo na wanakula haraka sana. Duma ni wa mchana na malishoni, anachukua kondoo au mbuzi mdogo, anakula nyama anaacha mifupa, na akishaondoka harudi. Kuingia bomani usiku kwake ni nadra mno, yaani duma wengi wanalaumiwa kwa kazi ya chui kwa sababu watu wanawachanganya, wakati duma ana ule mstari mweusi unaotoka jichoni kushuka mdomoni na madoa yake ni ya duara yaliyojaa, chui madoa yake ni kama maua, katikati pana uwazi.

Na msiwasahau mbwa wetu wenyewe. Ukikuta mbuzi watano wameng'atwa miguu, masikio, makalio, wengine wapo hai, na nyama hata haijaliwa sana, uliza kwanza mbwa wa nani wanazurura usiku.

Sasa hapa kwenye sumu. Simba na chui wanaweza kurudi kwenye mzoga usiku unaofuata, na ndio maana watu wanamwagia sumu. Jamani, usifanye. Sumu haichagui, anakula simba, anakula fisi ambaye hata hakuwepo jana, wanashuka tai wanakufa makumi kwa makumi, na mbwa wako anayelinda boma naye anapita hapo. Desemba 2015 kule Maasai Mara familia ya simba ya Marsh Pride ililishwa mzoga wenye sumu, akafa jike mzee anaitwa Bibi ambaye watu wa dunia nzima walikuwa wanamjua kwenye televisheni, na watu wakakamatwa. Tai wakiisha mizoga inaoza porini na magonjwa yanabaki na mifugo yetu hiyo hiyo. Mimi naona uchungu wa ng'ombe uliyemlea miaka sita sio mdogo, ni ada ya mtoto ile, lakini sumu hairudishi ng'ombe na tundu kwenye boma bado lipo palepale.

Kwa hiyo twende kwenye tundu. Kama ni fisi shida yako iko chini na mlangoni. Fisi haruki sana, anachimba, anasukuma, anavuta. Mlango wa tawi la miiba ambalo unaburuta tu jioni kwake sio mlango. Weka mlango wa mbao au madebe yaliyonyooshwa kwenye fremu, uwe na komeo, usiache nafasi chini, na pale chini ya ukuta panga mawe makubwa au chimbia waya ndani ya ardhi. Kama ni chui shida iko juu. Huyo anapanda na kuruka, ukuta wa miiba mrefu hausaidii kama kuna mti umeinamia boma, kata hayo matawi, na mbuzi na watoto wao walale kwenye banda lenye paa, hata kama ni fito zilizobanana na waya juu. Ukishaweka paa kwa mbuzi habari ya chui unakuwa umeimaliza kwa sehemu kubwa.

Simba ni tofauti na wengi hawalijui hili, mara nyingi hata haingii. Anazunguka upande upepo unakotoka, ng'ombe wanasikia harufu, wanataharuki, wanavunja boma wenyewe kutoka ndani na kukimbilia nje gizani, huko ndiko anakowakamatia. Kwa hiyo boma la kuzuia simba lazima lihimili kusukumwa kutoka ndani. Kule Simanjiro wafugaji wengi wana kuta hai zilizoanza na shirika la African People & Wildlife, wanakata matawi ya mti ule Wamaasai wanauita osilalei, wanayasimika kama nguzo karibu karibu, yanachipua mvua ikinyesha, halafu wanafunga waya wa chenilinki kuzunguka. Miaka inavyokwenda nguzo zinanenepa na kichaka kinajaa juu, mchwa hawali mti ulio hai, na hukati tena miiba kila msimu. Waya ndio gharama, sikatai, lakini piga hesabu ya ng'ombe wawili tu.

Taa nazo zinasaidia. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela karibu na hifadhi ya Nairobi, aligundua akiwa mtoto kwamba simba haogopi taa iliyosimama lakini anaogopa mwanga unaotembea, kama mtu anazunguka na tochi. Akaunganisha sola, betri ya zamani na kifaa cha indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka boma. Unaweza ukatengeneza zako na fundi yeyote wa umeme wa pikipiki. Zielekeze nje sio ndani, na badilisha mpangilio mara kwa mara, maana wanyama wanazoea.

Mbwa wawili watatu wanaobweka wanasaidia sana pia, na mtu anayelala karibu na boma. Lakini mbwa hao wachanje dhidi ya kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo mbwa wa vijijini wanao.

Kuhusu siku za hatari, angalia mwezi. Tanzania, hasa kusini huko Lindi, Mtwara na Rufiji, simba waliua watu zaidi ya 560 kati ya 1990 na 2004, wengine wakiwa wamelala kwenye madungu shambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Watafiti walipopanga matukio kwa tarehe za mwezi wakaona yanapanda siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu, yale masaa ya kwanza ya usiku kabla mwezi haujachomoza, kwa sababu simba ana njaa na giza limerudi wakati watu bado wanatembea. Basi siku hizo ingiza mifugo mapema, na usimtume mtoto dukani saa mbili usiku. Ukikutana na simba uso kwa uso usikimbie, simama, mwangalie, paza sauti, rudi nyuma taratibu.

Malishoni nako kunapotea wengi kuliko watu wanavyodhani, mbuzi mmoja kabaki nyuma akizaa, ng'ombe kapitiwa kwenye korongo, hao ndio wanaoliwa usiku. Hesabu jioni kabla jua halijazama ili kama kuna pengo urudi kukiwa bado mwanga, na mchungaji awe mtu mzima inapowezekana. Botswana upande wa Okavango watafiti walijaribu kuchora macho makubwa kwenye makalio ya ng'ombe, kwa miaka minne ng'ombe 683 waliochorwa hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba au chui, wakati wale wasiochorwa kwenye makundi yaleyale 15 waliuawa. Rangi tu hiyo. Simba na chui wanategemea kukunyemelea, wakihisi wameonekana wanaacha. Kwa fisi sitegemei ifanye kazi hivyo.

Toa taarifa siku hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji, askari wa wanyamapori wa kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori Tanzania, na Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori la huko. Mpe picha zenye kiberiti, picha ya shingo iliyochunwa, na usihamishe mzoga kabla hajaona, bila hivyo madai ya kifuta jasho yanakwama na hata wakitaka kukusaidia hawana cha kuandika. Wakishaona, mzoga uzikwe kwa kina au upelekwe mbali na maboma yote, ukiuacha hapo nje fisi wa eneo zima wanajifunza njia ya kwako.

Kwa upande wa kuku ni mambo ya kanu, fungo, mondo na nyegere. Tundu la ngumi linamtosha kanu, na nyegere anang'oa mbao zilizopigiliwa vibaya, kwa hiyo banda liinuliwe juu ya ardhi, waya uwe wa matundu madogo tena mgumu, na mlango ufungwe na kitasa, kamba haitamsumbua.