Gari Lako la Tanga Likianza Kupiga Kelele Nawe Uko Ughaibuni

Ndugu akikupigia simu kutoka Tanga kukuarifu kwamba injini ya gari uliloliacha inagonga, na fundi ameshasema ifunguliwe, omba siku moja kabla hujatuma fedha. Hewa ya chumvi ya pwani hula bolti na mabati ya chini, na kama gari ulilisafirisha kutoka Uingereza, lilikuwa limeshaanza kuliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kwa hiyo huenda kinacholia ni kitu kilicholegea nje ya injini.

Mwombe anayelitunza arekodi sauti mara tatu, simu ikiwa mahali pale pale: injini ikiwashwa baridi, ikishapata moto, kisha akikanyaga mafuta taratibu gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mlio mwepesi wa bati, unaosikika injini ikifika kasi fulani na kupotea ikiipita, kwa kawaida ni wa kitu kilicholegea. Ukiwa mzito, tena unazidi gari linapopanda mlima, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe hapo hapo na gari livutwe.

Ekzosi ikishapoa kabisa, aigonge kwa ngumi. Gari la dada yangu, pale Chumbageni, lilikuwa limeshahukumiwa kufunguliwa injini. Mpwa wangu alipogonga, nilisikia kwenye simu mlio ule ule wa kopo tupu. Bati la kukinga joto linalofunika ekzosi lilikuwa limeshikwa na bolti moja tu, na tundu la pili lilikuwa limeliwa na kutu hata likapita kichwa cha bolti kwa upana. Washa pana, yaani kile kibati cha duara chenye tundu kinachowekwa chini ya kichwa cha bolti, ilitosha. Nakusihi usikubali bati hilo ling'olewe na kutupwa, kwa kuwa ndilo linalozuia joto lisifikie nyaya na sakafu ya gari.

Baada ya hapo atikise kishikio cha betri, boksi la chujio la hewa na kava la chini ya injini, lakini asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Bolti zinazoingia kwenye aluminiamu azikaze kwa kiasi, maana thredi zake, yaani ile mikunjo ya ndani ya tundu inayoshika bolti, hukatika upesi.

Akimaliza, arekodi tena zile sauti tatu. Mlio ukiwa bado upo, fundi asikilizishwe rekodi zote sita kabla hajashika spana.