Namna ya Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Wengi wanaounda kompyuta ya kuchezea gemu kwa fedha chache huanza na prosesa, kwa kuwa ndiyo yenye jina kubwa, kisha hukuta kwamba kilichobaki hakitoshi kununua kadi ya michoro ya maana. Utaratibu unaofaa ni kuanza na skrini, kwani ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2, ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, na ya 4K inazidi milioni 8, na kadi hulazimika kuzichora zote upya katika kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazofuatana. Mwenye bajeti ndogo na abaki kwenye 1080. Akiwa na ziada kidogo, ni afadhali anunue skrini ya hezi 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ya kiwango hichohicho kuliko kukimbilia pikseli nyingi ambazo kadi yake haitazimudu.

Baada ya skrini, fungu kubwa kuliko yote liende kwenye kadi ya michoro, hata likifika theluthi moja au zaidi ya fedha zote za vipuri. Usitazame jina peke yake. GeForce RTX 3060, kwa mfano, iliuzwa kwa matoleo mawili: moja lina kumbukumbu ya GB 12 na njia ya kupitishia data ya biti 192, jingine lina GB 8 na njia ya biti 128, na hili la pili lina kasi ndogo zaidi katika gemu ingawa kasha lake limeandikwa jina lilelile. Nayo Radeon RX 6500 XT yenye GB 4 hutumia njia nne tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na ubao mama, hivyo ukiipachika kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 hushuka kasi waziwazi. Kumbukumbu ya kadi inapojaa, data huhamishiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kupitia njia hizohizo za PCIe, na hapo ndipo gemu linapoanza kukwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Kwa gemu za sasa nisingeshuka chini ya GB 8.

Prosesa yenye viini sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja, inatosha. Ryzen 5 5600 na Core i5-12400F ni mifano mizuri, lakini zote mbili hazina michoro ya ndani, kwa hiyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. Anayetaka kununua kadi baadaye achague prosesa yenye michoro yake, kama Ryzen 5 5600G.

Ubao mama huchaguliwa kwa kufuata prosesa, wala si kinyume chake. Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao, ya AM4, iliyoanza mwaka 2016, hutumia RAM ya kizazi cha DDR4. AM5 ya mwaka 2022 hukubali kizazi kipya zaidi, DDR5, pekee. LGA 1700 ya Intel ina mbao za aina zote mbili, na DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5. Bodi ya AM4 iliyotengenezwa kabla ya Ryzen 5000 kutoka, mwishoni mwa 2020, huenda ikahitaji kusasishwa BIOS, programu ya msingi ya ubao, kabla ya kuitambua prosesa hiyo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Taa za rangi na mapambo ya chuma kwenye ubao hayaongezi hata fremu moja.

RAM iwe GB 16, nayo iwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Hifadhi iwe SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya TB 1 ikiwezekana, maana gemu kubwa moja huweza kuzidi GB 100. SSD ya aina ya NVMe ina kasi kubwa kuliko ya aina ya SATA, lakini ndani ya gemu tofauti yake ni ndogo. Nunua iliyo nafuu kati ya hizo.

Mahali ambapo hupaswi kubana fedha ni pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote. RX 6600 hutumia takriban wati 132 na Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, hivyo pawasaplai nzuri ya wati 550 inatosha kabisa kwa mashine kama hiyo. Alama ya 80 Plus hueleza ni kiasi gani cha umeme kisichopotea, haithibitishi usalama. Tafuta majaribio huru ya modeli husika na muda wa dhamana. Usichanganye nyaya za pawasaplai za modeli tofauti, hata plagi zikiingia vizuri, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana na unaweza kuunguza diski mara moja.

Kadi na prosesa zilizotumika huokoa fedha nyingi. Pawasaplai iliyotumika usiiguse. Kabla ya kulipia kadi kuukuu, iendeshe kwa gemu zito kwa muda wa robo saa, ukitazama joto, ukisikiliza feni na kuchungulia kama kuna madoa au mistari kwenye picha. Kadi iliyochimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, kazi iliyokoma Septemba 2022, si lazima iwe mbovu, ila feni zake huenda zimechoka.

Ukishaunganisha kila kitu, chomeka waya wa skrini kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM iliyoandikwa 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 tu, na kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe kwamba skrini ya hezi 144 haikuachwa kwenye 60.