Namna ya Kupanga Viungo vya Kuhama katika Kuta za Zege za Kuzuia Udongo na Misingi Yake

Katika michoro mingi ya kuta za kuzuia udongo, viungo, yaani mikato inayoachwa makusudi ili zege lihame bila kupasuka ovyo, hupangwa mwisho kabisa: mchoraji huchukua urefu wa ukuta, akaugawa vipande vilivyo sawa, kisha akachora mistari ya wima bila kuangalia kilicho chini yake. Ninashauri kazi hii ianzie chini ya msingi, kwa sababu ukuta unaweza kuhama kwa namna tatu na kila namna ina kiungo chake. Zege husinyaa linapokauka na kupoa, hutanuka linapopata joto, na hutitia pamoja na ardhi iliyolibeba. Namna hii ya tatu ndiyo inayoharibu zaidi, na mistari iliyogawanywa kwa rula haiwezi kuizuia.

Tuseme unajenga ukuta wa mita 60 kwenye mteremko wa Kimara au Goba, Dar es Salaam. Upande mmoja msingi utakaa juu ya udongo wa asili uliokatwa, na upande wa pili juu ya kifusi kilichojazwa ili kusawazisha kiwanja. Chimba mashimo ya uchunguzi kwenye mstari wa msingi, weka alama mahali udongo unapobadilika, mahali urefu wa ukuta unapobadilika ghafla, na mahali msingi unaposhuka ngazi. Alama hizo ndizo viungo vya kutitia. Hapo kiungo kikate kila kitu, yaani msingi na ukuta, kwa mstari mmoja wa wima, na nondo za ulalo zisivuke. Kiungo cha ukuta kikisogezwa hata nusu mita kutoka kwenye kiungo cha msingi, zege litajitafutia njia yake kati ya viungo hivyo viwili, na ufa utapita kwa mshazari.

Kwenye kiungo cha kutitia, wengi huweka nondo laini za kuunganisha pande mbili ili upande mmoja usisukumwe mbele kuliko mwingine. Nia yao ni njema, lakini nondo hizo huzuia pia upande mmoja kushuka, na kushuka ndiko tulikotaka kukuruhusu. Mimi hupendelea jino la wima: mfereji upande mmoja na ulimi upande mwingine, uso wake ukiwa umepakwa lami ili pande hizo zisishikane. Jino huzuia msukumo wa udongo kutoka nyuma huku likiacha kila upande ushuke peke yake. Nondo laini ziwekwe kwenye viungo vya kutanuka vilivyo juu ya ardhi ya aina moja, nusu yake ikipakwa grisi na kuvishwa kofia yenye nafasi ya kusogea.

Ukishaweka viungo vya kutitia, jaza nafasi zilizobaki kwa viungo vya kusinyaa. Mwongozo wa madaraja wa AASHTO, chama cha maofisa wa barabara na usafirishaji wa Marekani, unataka viungo vya kusinyaa visiachane zaidi ya mita 9 hivi, na vya kutanuka zaidi ya mita 27 hivi. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam mimi huvikaribisha vya kusinyaa hadi mita 6 au 7. Zege letu humwagwa likiwa tayari na joto, saruji ikalizidishia joto linapoganda, kwa hiyo safari yake kubwa baada ya hapo ni ya kupoa na kukauka. Wakati huohuo msingi ulioganda mapema huushika ukuta kwa chini na kuuzuia kusinyaa. Ndiyo maana nyufa za aina hii husimama wima, huanzia juu kidogo ya msingi, na hutokea hata kabla ya udongo kujazwa nyuma. Kumwaga ukuta siku chache tu baada ya msingi, badala ya mwezi mzima, hupunguza nyufa hizo bila gharama yoyote.

Kwenye kiungo cha kusinyaa, punguza unene wa ukuta kwa robo angalau, kwa kuweka vipande vya mbao ndani ya boksi la kumwagia zege, pande zote mbili, na ukate nusu ya nondo za ulalo. Msingi hauna haja ya kukatwa hapo; umefukiwa, joto lake halibadiliki sana, na ukiendelea bila kukatika husaidia ukuta usipinde. Usiweke kiungo kwenye kona yenyewe, ila cha kwanza kiwe karibu nayo, kwa umbali usiozidi nusu ya nafasi ya kawaida.

Upana wa kiungo cha kutanuka ukokotolewe. Zege hutanuka takribani milimita 0.01 kwa kila mita kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Kipande cha mita 27 kikipata nyuzi 15 zaidi hutanuka karibu milimita 4. Ikiwa kizibio chako, yaani gundi laini ya kuziba mdomo wa kiungo, huvumilia kubanwa kwa robo ya upana wake, unahitaji milimita 16, na 20 ni kipimo cha busara. Nyuma ya kizibio, bodi laini inayobonyea ijaze kina chote cha kiungo. Nimewahi kufungua kiungo ambacho bodi yake ilisogea wakati vaibreta, mashine ya kutetemesha zege ili lishikamane, ikifanya kazi. Ndani kulikuwa na kipande cha zege kisichozidi kiganja, kokoto zake zikiwa zimeshika pande zote mbili, na ukingo wa ukuta hapo ulikuwa umemeguka hadi nondo kuonekana. Bodi ifungwe kwa misumari kwenye upande uliokwisha kuganda.

Nyuma ya kila kiungo, kabla ya kujaza udongo, bandika kitambaa cha kuchujia chenye upana wa nusu mita hivi, kuanzia juu hadi msingini. Mchanga wa pwani ni mwepesi kuchukuliwa na maji, na masika moja inatosha kuutoa kupitia kiungo kilicho wazi na kuacha pango nyuma ya ukuta. Mkanda wa plastiki wa kuzuia maji ni wa lazima ikiwa ukuta ni wa ghorofa ya chini ya ardhi. Kwa ukuta wa bustani wenye matundu ya kutolea maji, kitambaa kinatosha.

Ukuta ukishakamilika, pigilia msumari wa chuma kila upande wa viungo vya kutitia, pima umbali kati ya vichwa vyake na tofauti ya kimo, uandike, kisha urudie vipimo hivyo kabla ya masika na baada yake kwa miaka miwili.