Somo: Kuokota taka katika matembezi marefu ya ufukweni, Mjimwema hadi Kimbiji

Kila msimu wa matembezi unapokaribia napokea maswali yale yale: ni kiroba gani kinafaa, nani atachukua taka, kwa nini msizichome mkaendelea na safari. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja, na sasa naandika mara moja ili kila anayeuliza aelekezwe kwenye somo hili. Linahusu fukwe za kusini mwa Kigamboni, kuanzia Mjimwema kupitia Gezaulole hadi Kimbiji, safari ambayo kundi linaloinama kuokota haliwezi kuimaliza kwa mwendo wa mtembeaji wa kawaida, na ni busara kuigawa katika siku mbili. Msingi wa yote nitakayoeleza ni mmoja: usiokote kitu ambacho hujui kitaishia wapi.

Hatua ya kwanza: taarifa. Ofisi ya serikali ya mtaa wa kila eneo mnalopita ijulishwe mapema. Maeneo ya jeshi yazungukwe kwa kufuata barabara, na yasipigwe picha.

Hatua ya pili: vifaa. Viatu vilivyofunika vidole, glavu nene za mpira, koleo la kuokotea, kisu, kofia, maji ya kunywa katika chupa ya kudumu, chupa moja ngumu yenye mdomo mpana kwa ajili ya vitu vyenye ncha kama sindano, na viroba vya sandarusi vilivyowahi kubeba mchele au unga.

Hatua ya tatu: kusoma maji. Bahari hupwa kwa takriban saa 6 na kujaa kwa takriban saa 6, mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba iliyowafaa wenzenu wiki iliyopita haitawafaa ninyi. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kuzidi mita 3, na maji hupanda hadi kwenye mizizi ya mivinje. Anzeni kutembea maji yakiwa bado yanapwa, ili mvuke vijito na kupita chini ya majabali kabla bahari haijarudi. Kwa uzoefu wangu, siku zinazofaa kuliko zote ni zile zinazofuata bamvua, kwa kuwa bahari imekwisha kusukuma taka juu na kuziacha katika mstari mmoja unaoonekana vizuri. Tazameni pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, hasa wakati wa kusi.

Hatua ya nne: kuokota. Mtu mmoja afuate mstari wa mwani uliopigwa na maji, mwingine atembee juu yake kuelekea kwenye miti, na wa tatu apumzike kwa kubeba tu, kisha mbadilishane. Mwani wenyewe uacheni, kwa sababu hushikilia mchanga na ni chakula na kivuli cha viumbe wadogo. Kila chupa imwagwe mchanga na maji, ikandamizwe, kisha ifungwe kifuniko chake. Asiyefanya hivyo hubeba bahari mgongoni. Juu ya mstari wa maji kujaa msichimbe wala kung'oa kamba zilizofukiwa, kwa kuwa fukwe hizi hutumiwa na kasa kutagia, na mayai hukaa chini ya mchanga kwa karibu miezi miwili pasipo alama yoyote ambayo jicho la mgeni lingeitambua. Kamba iliyojitokeza ikatwe kwa kisu pale ilipoingia mchangani, na iliyobaki iachwe.

Hatua ya tano: mahali pa kushushia. Hii ndiyo hatua iliyowahi kutushinda, na ndiyo inayoyashinda makundi mengi, kwa hiyo naomba isomwe polepole. Tulipokuwa wageni wa kazi hii tulikusanya viroba kwa furaha, tukavipanga chini ya mti mahali tulipoishia jioni, tukaamini kwamba gari la taka la eneo lile litavichukua kwa sababu mtu fulani alituahidi kwa mdomo. Gari halikuja. Usiku ulikuwa wa bamvua, maji yakapanda, na asubuhi chupa zilizokuwa zimejipanga katika mstari mmoja zilikuwa zimetawanyika ufuoni kote, huku wenyeji wakituona sisi kuwa ndio tuliokuja kumwaga uchafu. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa taka iliyofungwa kirobani na kuachwa imekwisha kupewa mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeifunga.

Kwa hiyo, kabla hamjainama kuokota chupa ya kwanza, kubalianeni na afisa mtendaji wa mtaa au mkandarasi wa taka juu ya mambo matatu: viroba vitashushwa wapi, vitachukuliwa saa ngapi, na nani atalipia usafiri. Mahali hapo pawe panafikika kwa toyo au guta, kwa maana hakuna gari litakaloingia mchangani kwa ajili yenu. Mtu mmoja wa kundi abaki na mzigo hadi uondoke. Kiroba kisiachwe chini ya mstari wa maji kujaa hata kwa muda wa kunywa chai. Midomo ya viroba ifungwe kwa kamba mara mbili, kwa sababu kunguru hufungua kiroba kilicholegea kwa dakika chache. Ndege hao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo wao ndio wanaozitawanya. Ikiwa hamkupata makubaliano ya uhakika, tembeeni bila kuokota, au kila mtu aokote kiasi anachoweza kurudi nacho nyumbani. Sioni aibu yoyote katika kufanya hivyo.

Hatua ya sita: kuandika. Hesabuni aina za taka kabla ya kuzikabidhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: Je, glavu ni lazima?

Jibu: Hatua ya pili.

Mwanachama wa Kinondoni: Naona mnajitesa bure. Kwa nini msikusanye lundo, mkalitia kiberiti, mkaendelea na matembezi yenu?

Jibu: Kwa sababu plastiki ikiungua ovyo hutoa moshi wenye sumu unaoingia kwenye mapafu ya watoto wa kijiji mnachokipita, na inayobaki huyeyuka ikawa bonge lililoshikamana na mchanga ambalo hakuna atakayeliokota tena. Kulifukia nako hakufai, bamvua litalifukua. Nimeeleza katika hatua ya tano kwamba kama hakuna pa kupeleka, msiokote.

Mwanachama wa Kinondoni: Niliuliza tu, ndugu.

Jibu: Nami nimejibu, ndugu.

Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Tuliona madumu matupu yamefungwa kamba na yanaelea karibu na ufuo. Wenzangu walitaka kuyakata kamba wayabebe, mimi nikawazuia. Nilikosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata kidogo, na nakushukuru kwa kuuliza. Dumu lililofungwa kamba kwa kawaida ni boya la mtu, na chini yake kuna wavu au mtego ambao familia nzima inautegemea. Vivyo hivyo, wavu ulioanikwa juu ya mchanga, mti uliochomekwa majini ukiwa na kitambaa, na jiwe lililozungushiwa nailoni ni mali hata kama vinaonekana vichakavu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu chenye fundo lililofungwa kwa makusudi kina mwenyewe mpaka mwenyewe aseme hakihitaji. Nendeni sokoni wanakoshusha samaki, mtafuteni kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, mumweleze mnachofanya. Mara nyingi wavuvi wenyewe watawaonyesha nyavu zilizokufa, zile zinazoendelea kunasa samaki bila mtu wa kuzivuta, na watawasaidia kuzikata.

Mwanachama wa Masaki: Hoteli moja ilituzuia kupita mbele yake. Ufukwe si wa umma?

Jibu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka baharini dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuuharibu, na hamkufanya kosa kwa kupita mchangani. Hata hivyo msibishane na mlinzi, ambaye ameajiriwa kutii. Kiongozi wa kundi aende mapokezi, amsalimu msimamizi, amweleze kwa utulivu, na aonyeshe barua ya serikali ya mtaa. Ndiyo sababu ya hatua ya kwanza.

Mwanachama wa Ubungo: Je, mifuko myeusi ya plastiki inaruhusiwa baada ya katazo?

Jibu: Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya kuhifadhia taka viliachwa nje ya katazo hilo. Lakini mfuko mwembamba hupasuka ukiburuzwa juu ya matumbawe, na vipande vyake huwa taka mpya. Ndiyo maana nimesema sandarusi.

Mwanachama wa Ilala: Mimi ni muuguzi, na nashangaa kwamba sindano umezipitia kwa maneno machache.

Jibu: Unastahili jibu refu, dada, na wewe utanirekebisha nikikosea. Sindano isiguswe kwa mkono, hata wenye glavu. Chupa yenye mdomo mpana iwekwe chini, isishikwe na mtu, kisha sindano ishikwe kwa koleo na kutumbukizwa ikitanguliza ncha, bila kujaribu kuirudishia kifuniko chake. Chupa ikabidhiwe katika zahanati ambayo mmeongea nayo kabla ya safari. Mtu akichomwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue wala kulinyonya, kisha aache matembezi aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na hazifai kuchelewa kupita saa 72.

Mwanachama wa Ilala: Sawasawa kabisa. Ningeongeza kwamba watoto wasipewe kazi katika sehemu zilizo karibu na midomo ya mito.

Jibu: Nimeipokea, na tangu sasa ihesabiwe kuwa sehemu ya somo.

Mwanachama wa Kurasini: Taka za Kimbiji zinatoka wapi? Nilidhani zote ni za Mto Msimbazi.

Jibu: Swali zuri sana. Mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini, na Kimbiji iko kusini mwa mdomo wa Msimbazi, kwa hiyo si rahisi kwa mto huo kuwa chanzo pekee, ingawa upepo wa kaskazi huweza kurudisha vitu vinavyoelea. Nyingine huachwa na watu wanaokuja kupumzika, nyingine hutoka kwenye vyombo vya baharini, na nyingine huvuka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana hatua ya sita ipo, ingawa niliipa mstari mmoja. Mnapohesabu, someni lebo na maandishi yaliyo chini ya chupa, kisha tenganisheni za kwetu na za mbali. Mtindo wa kuhesabu kila kinachookotwa ufukweni ulianza Texas, Marekani, mwaka 1986, na ukaenea duniani, kwa sababu orodha humwezesha mtu kwenda ofisini akiwa na hoja mkononi. Filta za sigara nazo zihesabiwe, maana watu huzidhani pamba ilhali ni aina ya plastiki.

Mwanachama wa Kimara: Unatufundisha ufukwe, wakati wengine tunatembea msitu wa Pugu-Kazimzumbwi na milima ya Uluguru.

Jibu: Sijakukataza, ndugu. Msingi ni ule ule, tofauti ni kwamba msituni hakuna bahari ya kurudisha ulichokisahau. Ongeeni na wahifadhi wa misitu langoni kabla ya kuingia, na msitoke nje ya njia kwa ajili ya kufuata kopo moja mkakanyaga miche. Kilimanjaro wana desturi nzuri ya kuiga, kwani chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi kupanda, na taka zinazoteremshwa hupimwa uzito langoni.

Mwanachama wa Mbagala: Mwalimu, na kandambili? Tulipata nyingi mno, na mnunuzi wa chupa alizikataa.

Jibu: Wanunuzi wa makopo huchukua kinachouzika kwa kilo, kwa hiyo chupa zitengwe mapema na apewe mwokota makopo wa eneo hilo bila kumdai chochote, maana yeye hufanya kazi hii kila siku bila kupigwa picha. Kandambili zioshwe na zianikwe, kisha mtafute mafundi wa vinyago na mapambo wanaozichonga. Huko Lamu walijenga jahazi dogo lililofunikwa kwa kandambili, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Zilizooza ziende na taka za kawaida.

Mwanachama wa Tabata: Samahani kwa swali langu la mwanzo, sikuwa nimesoma hadi mwisho. Kiroba kikijaa kamba zake hukata mabega. Mnabebaje?

Jibu: Hilo sikuliandika, na ni swali la maana. Nunua tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi, ikate vipande viwili, funga jiwe dogo ndani ya kila pembe ya chini ya kiroba ili tyubu ipate pa kushika, kisha pandisha ncha za juu hadi kwenye mdomo uliofungwa. Mpira huo hunyumbuka na haukati bega. Usijaze kiroba zaidi ya robo tatu, na ukiwa na mwenzako pitisheni mti katikati mbebe wawili.