Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi

Ndugu yangu wa boda hapa Mombasa, kabla hujatoa pesa ya tairi jipya, tafuta tarakimu nne ubavuni. Mara nyingine zipo upande mmoja tu, kwa hivyo ligeuze. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Meno yatakuwa mazima, hata vile vinyweleo vya mpira bado vipo, lakini mpira ushakuwa mgumu, hasa kama lilitundikwa nje ya duka juani miezi na miezi. Mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Fikiria unateremka kuingia feri Likoni, masika, na abiria nyuma! Halafu angalia mshale ulio hapo ubavuni: unakoelekea ndiko tairi linakozunguka kwenda mbele. Fundi akilivisha kinyume, alivue palepale.