Mtoto Anayeng'ata Wenzake: Hatua za Kufuata kwa Mlezi wa Nyumbani

Mlezi anayepokea watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 nyumbani kwake, iwe Kisauni, Mikindani au Likoni huko Mombasa, hakosi kukutana na mtoto anayeng'ata. Katika umri huo mtoto ana haja nyingi na maneno machache, na zaidi ya hayo magego ya kwanza huanza kuchomoza baada ya kutimiza mwaka, yakifuatwa na mengine karibu na miaka 2, naye hutafuta chochote cha kutafuna.

Hatua ya 1: Mhudumie aliyeng'atwa
Watenganishe bila kupiga kelele, kisha umwangalie kwanza aliyeumia. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu uweke kitambaa chenye maji baridi. Ngozi ikiwa imepasuka, mpigie mzazi simu ili mtoto afikishwe kliniki siku hiyo hiyo pamoja na kijitabu chake cha chanjo, kwani kinywa cha binadamu kina vijidudu vingi na mhudumu atataka kuhakikisha kwamba amekamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo hukinga pepopunda na homa ya ini aina ya B.

Hatua ya 2: Sema na aliyeng'ata, kwa ufupi
Chuchumaa ili macho yenu yalingane, useme kwa sauti thabiti: "Hapana. Hatung'ati. Mwenzako anaumia." Inatosha, hotuba ndefu humpa mtoto wa umri huo burudani tu. Wapo wanaoshauri ang'atwe naye aonje, au apakwe pilipili mdomoni. Huo ni ukatili, tena humfundisha kwamba mkubwa anaruhusiwa kuumiza.

Hatua ya 3: Andika daftarini
Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kila anapong'ata, andika saa, mahali, aliyekuwa karibu naye, na hasa kilichotokea dakika chache kabla. Baada ya siku kadhaa utaona mpangilio. Pengine ni saa tano na nusu, chakula hakijaiva, umeme umepotea na feni imesimama, watoto wote wamesongamana kwenye mkeka mmoja karibu na mlango ambako kuna upepo, na gari la plastiki ni moja. Mtoto mwenye njaa, joto na usingizi, aliyebanwa na wenzake pande zote, hung'ata mkono ulio karibu.

Hatua ya 4: Fika kabla ya meno
Ukishaijua saa yake, iwahi. Mpe uji au ndizi mapema, tandika mkeka wa pili, ongeza kitu cha kuchezea kinachofanana na kile kinachogombewa, nawe uketi mahali ambapo mkono wako unamfikia. Ukimwona amekaza taya na kumsogelea mwenzake kwa kinywa wazi, weka kiganja chako katikati na umpe neno la kutumia: "Sema, nipe," au "Sema, sitaki." Anapolisema, hata kwa kigugumizi, msifu papo hapo. Anayesumbuliwa na ufizi mpe kitambaa safi kilichoroweshwa na kupozwa kwenye friji. Karoti mbichi usimpe, inaweza kumkaba.

Hatua ya 5: Zungumza na wazazi
Waeleze siku hiyo hiyo, kila mmoja peke yake, wala si mlangoni mbele ya wengine. "Mama, leo mwanao ameng'atwa mkononi wakati wa kugombea gari, nimemwosha, ngozi haikupasuka." Jina la aliyeng'ata usilitaje hata ukibanwa, maana wazazi hao huenda ni majirani wa ploti moja. Kwa mzazi wa mng'ataji, uliza kama kuna mtoto mchanga nyumbani, kama wamehama, au kama usingizi wa usiku umepungua.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kuomba msaada
Ikiwa ametimiza miaka 3 na bado anang'ata mara kwa mara, au maneno yake ni machache mno kuliko ya wenzake, au haitiki anapoitwa, mshauri mzazi ampeleke kliniki ya watoto akachunguzwe masikio na usemi, nawe umpe daftari lako aende nalo.