Mchanga wa vitako vya askari wadogo

Ndugu zangu wa Mwanza mnaopaka rangi askari wa plastiki wa skeli ya 1/72 (yaani wadogo mara 72 kuliko mtu halisi), mchanga wa ziwani unafaa sana kwa vitako, yaani vibao wanavyosimamia, ila uchekecheni kwanza kwa chujio la chai. Punje ya milimita 2 hapo ni jiwe la sentimita 14! Askari mwenyewe ana kama milimita 24 tu, ataonekana kasimama juu ya kifusi. Osha mpaka maji yatoke safi, anika juani ukauke kabisa. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyunyizia, acha hadi kesho yake, kisha pitisha gundi iliyozimuliwa kwa maji. Punje kubwa zitunze: zikipakwa kijivu zinatoa miamba mizuri mno, kama ile ya Bismarck pale ziwani Mwanza.